Tabibu aliyeifuata homa mpaka ndani ya moyo

Mgonjwa akilazwa na homa isiyoshuka wiki ya tatu au ya nne, dozi mbili za malaria ameshazimaliza, dawa za taifodi amemeza na homa ipo pale pale, tabibu mzoefu hufanya jambo ambalo jamaa waliokaa pembeni ya kitanda hawalielewi. Humshika mgonjwa vidole. Huvigeuza na kuvibonyeza ncha kimoja kimoja, kisha huhamia vidole vya miguu. Hutazama kucha, hufunua kope la chini la jicho. Halafu ndipo huweka kipimo chake kifuani na kuusikiliza moyo kwa muda mrefu. Ndugu hunong'onezana: mtu ana homa mwili mzima, huyu daktari anatafuta nini kwenye vidole?

Anatafuta vivimbe vidogo vyekundu, vyenye kuuma vikiguswa, ambavyo huota kwenye nyama ya ncha za vidole na kutoweka baada ya saa kadhaa au siku chache. Vitabu vya udaktari dunia nzima huviita vinundu vya Osler. Vikionekana kwa mgonjwa wa namna hiyo, tabibu huanza kuhofia kwamba bakteria wamepiga kambi ndani ya moyo wake. Maradhi hayo yanaitwa endokaditisi, yaani maambukizi ya utando wa ndani wa moyo na valvu zake. Bila matibabu, anayeyapata hufa.

Huyu Osler alikuwa nani? Hebu leo, ndugu msomaji, tumtazame, kwa kuwa habari yake inatugusa zaidi ya tunavyodhani.

William Osler alizaliwa tarehe 12 Julai 1849 katika kijiji cha Bond Head, kwenye misitu ya Canada, sehemu inayoitwa sasa Ontario. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kianglikana aliyetoka Uingereza kuja kuhubiri kwa walowezi. William alikuwa mtoto wa mwisho wa kiume, mtundu kupita kiasi, na kuna shule aliyofukuzwa kwa ajili ya utundu huo. Ilikuwa imekwishapangwa kwamba naye awe mchungaji kama baba yake. Kilichombadilisha ni hadubini. Mwalimu wake mmoja, mchungaji vilevile, alikuwa na kifaa hicho na akawa anawatembeza vijana mabwawani kuokota maji machafu, kisha anawaonyesha viumbe vinavyoishi ndani ya tone moja. Kijana aliyeona hayo hakurudi nyuma. Mwaka 1868 aliacha masomo ya dini akaingia udaktari, kwanza Toronto, kisha Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, ambako alihitimu mwaka 1872. Akaenda London, Berlin na Vienna kuongeza elimu. Akiwa London alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuvieleza kwa makini vile vipande vidogo vya damu vinavyofanya kidonda kigande. Tuvikumbuke vipande hivyo, maana vitarudi.

Alirudi McGill akafanywa mwalimu akiwa na miaka 25. Chuo hakikuwa na hadubini za kutosha wanafunzi. Osler akaomba kazi ambayo wenzake waliikimbia, nayo ni kuhudumia wodi ya ndui. Akalipwa dola 600 na fedha hizo akanunulia wanafunzi hadubini. Ndui yenyewe ilimpata, ila kwa bahati haikuwa kali.

Kisha kwa miaka kama minane akajifungia kwenye chumba cha maiti cha Hospitali Kuu ya Montreal. Najua wengi wetu tunashtuka kusikia maiti imepasuliwa, na maiti ina heshima yake, hilo halina ubishi. Lakini tuelewe hali ya wakati ule. Hakukuwa na eksirei, hakukuwa na ultrasaundi, hakukuwa na kipimo cha damu cha maana. Mgonjwa alikufa, na tabibu alibaki hajui kilichomuua. Osler alichunguza maiti karibu 800 kwa mikono yake, akaandika kila alichokiona, na mara nyingi alichokiona kilipingana na kile madaktari walichokuwa wameandika mgonjwa alipokuwa hai. Mtu ametibiwa taifodi mwezi mzima, na matumbo yake hayana taifodi hata chembe, ila moyoni, kwenye zile valvu zinazofunguka na kufunga kuruhusu damu ipite, kumeota vinyama laini kama ua la koliflawa.

Hapa inabidi tueleze kidogo mambo yanavyokwenda. Utando wa ndani wa moyo ni laini kama hariri, na bakteria wakipita ndani ya damu huwa hawana pa kushika. Kila siku wachache huingia, tunapopiga mswaki au kutafuna kitu kigumu, na mwili huwamaliza. Lakini valvu ikiwa na kovu au hitilafu, damu hupita kwa msukosuko, utando huchubuka, na vile vipande vya damu nilivyovitaja hukimbilia kuziba mchubuko. Bakteria akipita hapo hunasa. Akishanasa huzaliana, damu huganda juu yake, wengine huzaliana juu ya ile iliyoganda, na kinyama kinakua. Askari wa mwili hawamfikii vizuri kwa sababu amejifunika. Moyo unapiga mara laki moja kwa siku, na kila pigo linaweza kukatua kipande cha kinyama na kukirusha. Kikienda ubongoni ni kiharusi. Kikienda kwenye figo, mkojo unatoka na damu. Kikienda kwenye bandama, maumivu ya ubavu wa kushoto. Na wakati wote huo valvu inaliwa taratibu, mpaka moyo unashindwa kusukuma.

Mwaka 1885, akiwa na miaka 35 na ameshahamia Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia, Osler alialikwa London kutoa mihadhara mitatu ya Gulstonian katika Chuo cha Kifalme cha Matabibu. Ni heshima kubwa kwa kijana, tena kijana wa kutoka makoloni. Angeweza kuzungumzia chochote. Akachagua maradhi hayo ya moyo, ambayo madaktari wengi wa siku zile waliyahesabu kuwa nadra na ya kutatanisha. Alikusanya habari za wagonjwa kama 200, baadhi wakiwa wake mwenyewe kutoka kile chumba cha Montreal, na kwa mara ya kwanza maradhi yale yaliyokuwa vipande vipande yakaonekana kuwa kitu kimoja. Alionyesha kwamba vijidudu hupatikana ndani ya vile vinyama, na kwamba wengi wa wagonjwa walikuwa tayari na valvu mbovu. Akaonyesha pia kwamba baadhi walianza na nimonia.

Lakini kubwa kwetu ni hili: aliwaonya matabibu wenzake kuhusu sura mbili ambazo maradhi haya hupenda kuzivaa. Mara huja kama taifodi, homa ya mfululizo, ulimi mkavu, akili kuyumba. Mara huja kama malaria, homa inapanda kwa kutetemeka, jasho jingi, inashuka, kesho inarudi. Tabibu asiyeusikiliza moyo, akasema, atadanganyika.

Katika mihadhara hiyo hiyo alieleza habari ya kijana mmoja aliyekutwa na mabonge manne kwenye mshipa mkuu utokao moyoni, aota. Ukuta wa mshipa ulikuwa umeliwa na maambukizi ukatuna kama mpira wa baiskeli uliochoka. Kwa kuwa viota vyake vilimkumbusha uyoga, Osler akauita uvimbe huo kwa jina la Kigiriki la uyoga. Jina lile lipo mpaka leo na limewachanganya wanafunzi wengi, maana linaleta picha ya fangasi ilhali wanaoufanya mara nyingi ni bakteria. Mshipa wa namna hiyo ukipasuka, mtu anakufa kwa dakika.

Sasa tujiulize, miaka zaidi ya 140 baada ya onyo lile, hapa kwetu hali ikoje? Mtu akipata homa, la kwanza ni malaria. Siku hizi kipimo cha haraka kipo hadi zahanati, na kinasema hakuna malaria, lakini mtu hakiamini kipimo. Anakwenda duka la dawa kununua dozi. Isiposaidia anaambiwa ni taifodi, anaongeza vidonge vya antibayotiki vya siku tano. Hapo, wallahi, ndipo hatari ilipo. Vidonge hivyo vya siku tano haviwezi kuua bakteria waliojifunika moyoni, lakini vinawapunguza katika damu kiasi kwamba akija kupimwa hospitali, damu ikioteshwa maabara, haioti kitu. Homa inashuka wiki moja, familia inashukuru, kisha inarudi na safari hii na kiharusi. Daktari anabaki gizani kama wale wa Montreal.

Turudi kwa mwenyewe. Mwaka 1889 hospitali mpya ya Johns Hopkins ilifunguliwa Baltimore, Marekani, naye akaitwa kuwa mganga mkuu wake. Hapo ndipo alipojulikana dunia nzima. Kabla yake, katika vyuo vingi vya Marekani mtu aliweza kuhitimu udaktari kwa kusikiliza mihadhara tu, bila kumgusa mgonjwa. Osler aliwatoa wanafunzi madarasani akawaingiza wodini. Kila mmoja akapewa wagonjwa wake wa kuwafuatilia, na mwalimu akazunguka nao kitanda hadi kitanda. Desturi ya daktari mkuu kupita wodini asubuhi na msafara wa wanafunzi nyuma yake, ambayo tunaiona katika hospitali zetu kubwa, yeye ni mmoja wa walioistawisha.

Mwaka 1892 akatoa kitabu chake kikubwa cha tiba, na mwaka huo huo akaoa mjane wa daktari mwenzake, Grace Revere Gross. Kitabu kile kilikuwa na sifa moja iliyowaudhi watu: ukweli. Maradhi baada ya maradhi, mwandishi alieleza dalili, chanzo, namna ya kuyatambua, na alipofika kwenye dawa akakiri kwamba nyingi za dawa zilizokuwa zikiuzwa hazifanyi kazi. Waliomchukia walimwita mtu asiyeamini tiba. Lakini mwaka 1897 mshauri wa tajiri Rockefeller, Frederick Gates, ambaye hakuwa daktari, alikisoma kitabu hicho wakati wa mapumziko ya kiangazi, akashangaa jinsi udaktari ulivyokuwa mtupu. Akamshawishi bosi wake, na mwaka 1901 ikaanzishwa Taasisi ya Rockefeller ya utafiti wa tiba, New York. Laiti Osler angeandika kama wenzake, akajaza kurasa kwa dawa za uongo, huenda Gates angekifunga kitabu akaenda kuvua samaki.

Mwaka 1905 alihamia Oxford kuwa profesa mkuu wa tiba, cheo kinachotolewa na mfalme. Aliondoka Marekani kwa kishindo, kwani katika hotuba ya kuaga alifanya mzaha kwamba wanaume waliopita miaka 60 hawana faida kubwa, na magazeti yakauchukua mzaha yakaufanya fatwa. Alitukanwa kwa miezi.

Oxford ndiko alikoandika, mwaka 1909, makala ile iliyoviacha vidole vyetu na jina lake. Alieleza wagonjwa 10 wa namna ya maradhi ya moyo ambayo hayaui kwa siku chache. Yanakwenda polepole, miezi kwa miezi, mgonjwa anatembea, anafanya kazi, ana kahoma ka jioni, anakonda, anachoka, na hakuna anayejua kwa nini. Akaeleza vile vivimbe vya vidole, akaandika waziwazi kwamba aliyemvutia macho mara ya kwanza kuviangalia alikuwa daktari mwenzake wa mji wa Hamilton, Canada, aitwaye Mullen. Mullen hakupewa jina la vinundu. Mambo ya dunia ndivyo yalivyo. Mwaka huo huo na katika jarida hilo hilo, daktari Thomas Horder wa London alichapisha uchunguzi wa wagonjwa wengi zaidi, na elimu ya kuotesha damu maabara ikaanza kuwa silaha.

Lakini ilikuwa silaha ya kutambua tu. Mfano mashuhuri ni wa Gustav Mahler, mtunzi wa muziki wa Austria, ambaye mwaka 1907 aligundulika kuwa na valvu mbovu. Mapema mwaka 1911, akiwa New York, alipata homa isiyokwisha. Damu yake ikatolewa na kuoteshwa, bakteria jamii ya streptokokasi wakaonekana. Madaktari walijua wanachokitazama, na kwa kuwa walijua, walijua pia kwamba hakuna la kufanya. Akarudishwa Ulaya, akafa Vienna tarehe 18 Mei 1911 akiwa na miaka 50. Wote kumi wa Osler walikwenda njia ile ile.

Upande mwingine wa mtu huyu utawapendeza wasomaji wa gazeti hili. Osler alikuwa mgonjwa wa vitabu. Alikusanya maelfu, kutoka kila zama za historia ya tiba, na hakuishia kwa Wagiriki na Wazungu. Katika mihadhara aliyoitoa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1913 aliwapa matabibu wa Kiislamu nafasi yao, ar-Razi na Ibn Sina hasa, na akakiri jinsi Qanun ya Ibn Sina ilivyotawala vyuo vya Ulaya kwa karne kadhaa. Aliposikia kaburi la Ibn Sina kule Hamadan limechakaa alitaka watu wachange fedha likarabatiwe. Na mwaka 1912 alipata kutoka Uajemi mswada wa Kiarabu wa thamani isiyo kifani, kitabu cha dawa za mimea cha Abu Jaafar al-Ghafiqi, tabibu wa Andalusia wa karne ya 12, kikiwa na zaidi ya picha 300 za rangi. Kilinakiliwa mwaka 654 Hijria, sawa na 1256, miaka miwili tu kabla ya Wamongolia kuiangusha Baghdad. Ni juu yetu kujiuliza vitabu vya namna hiyo vilivyobaki katika masanduku ya wazee wetu wa mwambao vipo katika hali gani, na nani anavisoma.

Kuna jambo moja ambalo Osler hakuwahi kulijua. Mwaka 1906 alitoa hotuba kubwa London kumsifu William Harvey, Mwingereza aliyeeleza mzunguko wa damu mwaka 1628. Mwaka 1924, Osler akiwa ameshakufa, daktari kijana wa Kimisri aliyekuwa akisoma Ujerumani, Muhyiddin al-Tatawi, alikuta katika maktaba ya Berlin mswada wa Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damascus aliyefanya kazi Cairo na kufariki mwaka 1288. Ndani yake Ibn al-Nafis ameeleza kwamba damu haivuki kutoka chumba cha kulia cha moyo kwenda cha kushoto kupitia ukutani, kama Galen na hata Ibn Sina walivyodhani, bali hupita kwanza mapafuni. Karne tatu na ushei kabla ya Harvey! Kwa mtu aliyependa vitabu na moyo kiasi kile, ugunduzi huo ungemnyima usingizi kwa furaha.

Nisimpambe kupita kiasi, maana haki ni haki. Mtu huyu huyu aliyeenzi miswada ya Waarabu na Waajemi, mwaka 1914, wakati Wahindi walipokuwa wakizuiwa kuingia Canada, alisimama hadharani akaunga mkono Canada ibaki nchi ya watu weupe. Waandishi wa Canada wenyewe waliliibua upya jambo hilo mwaka 2020 na limezua mjadala mkubwa katika vyuo vinavyomtukuza. Elimu ya Ibn Sina aliipenda, ila jirani mwenye rangi ya Ibn Sina hakumtaka. Anayemsifu Osler na alijue hilo pia.

Vita Kuu ya Kwanza ilimvunja. Alizunguka kambi za askari akihimiza chanjo ya taifodi, na nyumba yake ya Oxford ikawa kimbilio la kila mgeni. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amefariki akiwa na wiki moja tu mwaka 1893. Akabaki Revere peke yake. Agosti 1917 Revere alijeruhiwa kwa mzinga karibu na Ypres, Ubelgiji. Madaktari bingwa wa upasuaji wa Marekani waliokuwa huko, marafiki wa baba yake, walikusanyika usiku kumwokoa, wakashindwa. Alikuwa na miaka 21. Watu wa nyumbani walisimulia kwamba mzee aliendelea kuchangamka mbele za wageni, na usiku akilia.

Vuli ya mwaka 1919 akashikwa na kifua baada ya safari. Ikawa nimonia, kisha usaha ukajaa pembeni ya pafu. Alijitambua mwenyewe, akafuatilia maradhi yake kama anayeandika habari za mgonjwa mwingine. Alifariki tarehe 29 Desemba 1919, akiwa na miaka 70, kwa bakteria, maadui aliowaandama maisha yake yote.

Hospitali aliyokuwa akizungukia wagonjwa Oxford iliitwa Radcliffe Infirmary. Tarehe 12 Februari 1941, katika hospitali hiyo hiyo, polisi mmoja aliyeoza uso kwa maambukizi ya bakteria alichomwa dawa mpya iliyosafishwa na wataalamu Florey na Chain kutokana na ukungu alioukuta Alexander Fleming London mwaka 1928. Ni penisilini. Kwa siku chache homa ilishuka, akaanza kula. Dawa ilikuwa haba kiasi kwamba waliikusanya tena kutoka kwenye mkojo wake. Ikaisha, na tarehe 15 Machi akafa. Lakini njia ilikuwa imefunguka. Mwaka 1944 madaktari wa Brooklyn, New York, waliripoti wagonjwa 7 mfululizo wa bakteria wa moyoni waliopata nafuu kwa penisilini. Maradhi yaliyowaua kumi wa Osler na Mahler yakawa na tiba.

Tiba yenyewe si nyepesi. Ni dawa ya kuingizwa kwenye mshipa kwa wiki nne hadi sita, na mara nyingi upasuaji wa kubadilisha valvu. Hata leo, mgonjwa mmoja kati ya watano, au zaidi, hufa akiwa hospitali. Ndiyo maana mahali pa kuyakamata maradhi haya ni kabla. Katika nchi zetu valvu mbovu nyingi huanza utotoni na jambo dogo: mafindofindo. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 anaumwa koo, anapewa maji ya moto na limau, linapoa. Wiki mbili tatu baadaye magoti yanavimba, kisha kiwiko, homa inapanda. Hiyo ni homa ya baridi yabisi. Watu wanasugua mafuta, wengine wanasema amekaa kwenye baridi, wengine wanasema amerogwa. Viungo vinapona vyenyewe, moyo unabaki na kovu. Miaka kumi baadaye yule ni binti mjamzito anayehema akipanda ngazi. Koo la bakteria likitibiwa kwa penisilini ndani ya siku tisa za mwanzo, homa ile huzuilika. Aliyekwisha kuipata huhitaji sindano ya penisilini ya muda mrefu kila wiki tatu au nne, kwa miaka. Sindano hiyo ni ya bei ndogo, lakini wangapi wanaikatiza kwa sababu mtoto anaonekana mzima?

Mwenye valvu mbovu au ya bandia amwambie daktari wa meno kabla hajang'oa jino. Usafi wa kinywa, ambao kwetu sisi wa mswaki si habari mpya, kwake ni kinga ya moyo. Na wale vijana wetu wa mitaani, Dar es Salaam, Unguja na Mombasa, wanaojidunga unga kwa sindano za kushirikiana, hao bakteria huingia moja kwa moja kwenye mshipa na kushambulia valvu za upande wa kulia, hata kama moyo ulikuwa mzima. Tunawaona wamelala vibarazani na homa, tunasema ni arosto tu.

Tangu mwaka 2015 Dar es Salaam ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na valvu zinabadilishwa hapa hapa bila kupanda ndege kwenda India. Wanaofika huko wengi wamechelewa. Homa ikipita wiki mbili na kipimo kinasema si malaria, mwombeni daktari ausikilize moyo, na damu ioteshwe kabla ya kidonge chochote kumezwa.

Osler aliacha vitabu vyake karibu 8,000 viende McGill, chuo alichosomea. Maktaba ilifunguliwa mwaka 1929, na majivu ya mwili wake yakawekwa ndani yake, nyuma ya vitabu. Mswada wa al-Ghafiqi umo humo humo, na mwaka 2014 wataalamu wa chuo hicho walichapisha nakala yake pamoja na uchunguzi, ili anayetaka ausome.